Juzuu kwa siku, sauti ya msomaji, tarjuma au sura moja kwa mwezi: ipi itakurudishia utamu wa Qur'ani?

Mama mmoja wa darasa letu hapa Wete, Pemba, kazi yake kuchemsha na kuanika dagaa, alibaki nyuma siku moja wenzake walipokwisha kukunja mikeka. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu mwalimu, mimi Qur'ani naisoma. Ramadhani iliyopita nimekhitimisha mara mbili. Lakini siioni tamu. Wenzangu wanalia, mimi nahesabu kurasa. Nina dhambi gani?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, wala sikutaka kumpa la kumliwaza tu. Nikamwomba anipe wiki. Wiki ile nilizipitia njia zote nilizowahi kuzifuata katika kisomo, tangu chuo cha Qur'ani hadi leo, nikaziweka moja kando ya nyingine na kujiuliza: ipi ilinipa ladha, ipi ilinipa thawabu bila ladha (nayo si haba), na ipi ilinipitishia siku tu? Haya ndiyo niliyomjibu, pamoja na mengine ambayo siku ile magharibi ilituingilia kabla sijayafikia.

Kwanza tuliondoe hilo la dhambi. Katika hadithi aliyoipokea Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) anasema kwamba Muumini anayesoma Qur'ani ni mfano wa utrujja, tunda la jamii ya ndimu na balungi: harufu yake nzuri na ladha yake nzuri. Muumini asiyesoma ni mfano wa tende: haina harufu, lakini ni tamu. Mnafiki anayesoma ni mfano wa rehani: yanukia vizuri, na ladha yake chungu. Sisi tunaotunga vikuba rehani tunaijua, tunaivaa, wala hatuitafuni. Tazama basi vitu vilivyogawiwa katika hadithi hii: utamu umewekwa kwenye imani, harufu imewekwa kwenye kisomo. Mama anayekosa usingizi kwa kuwa haoni ladha ya maneno ya Mola wake, huyo tende anayo tayari. Tunachotafuta ni ile harufu imfikie puani mwake mwenyewe. Na ikiwa anasoma kwa kukwamakwama, iko hadithi ya Bibi Aisha kwamba mwenye kusoma huku kunamwia vigumu ana malipo mawili.

Sasa njia zenyewe.

Juzuu kwa siku

Hii ndiyo tuliyolelewa nayo. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa. Juzuu ni 30, kila moja kama kurasa 20. Ukisoma kurasa 4 baada ya kila sala ya faradhi, mwezi ukiisha umekhitimisha. Anayekwenda mbio humaliza juzuu kwa nusu saa hivi, anayetulia ataka kama saa nzima. Hakuna gharama, hakuna kumsubiri mtu, na thawabu zake hazina shaka, maana kila herufi ina jema lake na kila jema hulipwa kwa kumi.

Inayo pia ladha moja ambayo njia nyingine hazina, nayo watu huisahau. Ukipita Qur'ani nzima kwa mwezi, unakutana na Nabii Musa tena na tena, kila mara kwa upande mwingine. Katika Taha unauona moto, fimbo, na hofu yake kwa fundo la ulimi wake. Katika Shu'ara unasikia mabishano yake na Firauni. Katika Qasas unaingia nyumbani kwao: mama anayemtia mwanawe mtoni, na dada anayefuatilia kwa mbali asionekane. Mtu aliyekaa na sura moja mwezi mzima hawezi kuuona mshono huu. Anayekwenda juzuu kwa siku, akiwa macho, anauona.

Tatizo ni huko kuwa macho. Mtume alimwambia Abdallah bin Amr kwamba hakufahamu mwenye kuisoma Qur'ani chini ya siku tatu. Mwezi si siku tatu, najua, lakini moyo wa kukimbiza kurasa ni ule ule. Na kwa wengi wetu mbio hizi zina asili yake. Katika chuo nilichosomea mimi, ambacho sina haja ya kukitaja, aliyekwama alichapwa bakora. Basi tulijifunza kutokwama. Hatukujifunza kutua. Tulivuka aya za pepo na aya za moto kwa kasi moja, jicho likiwa kwenye mkono wa mwalimu. Mpaka leo, nikisoma haraka, mabega yangu hupanda juu yenyewe, na nikiyaona yamepanda hufunga msahafu kwanza nikavuta pumzi.

Kwa hiyo njia hii ninaipenda kwa Ramadhani, na kwa mtu ambaye maana keshazionja na sasa anazirejea. Kwa aliyepotewa na ladha, kumwongezea kurasa ni kumwongezea mzigo. Nilimwambia mama yule: mara mbili Ramadhani moja ni ibada kubwa, Mungu aikubali, lakini dawa ya unachokiumwa si mara ya tatu.

Kusikiliza

Wakati wa karafuu hapa Pemba, kisomo cha msahafu hupungua nyumba nyingi, wala simlaumu mtu. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, jioni magunia yanamwagwa kwenye jamvi na nyumba nzima inakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, hadi vidole vinakuwa vyeusi na vinanata. Kwa vidole vile hugusi msahafu. Kwetu simu huwekwa ndani ya bakuli tupu ili sauti ivume, na msomaji akaachiwa asome.

Kuna wanaoidharau njia hii wakiiona ya wavivu. Mimi siidharau, na hoja yangu ni Ibn Mas'ud. Mtume alimwambia amsomee. Akasema: nikusomee mimi, na imeteremshwa kwako? Mtume akamjibu kwamba anapenda kuisikia kwa mwengine. Akamsomea Suratun Nisaa hadi aya ya 41, pale Mwenyezi Mungu anapouliza itakuwaje atakapoleta shahidi kutoka kila umma. Akamwambia basi, yatosha. Ibn Mas'ud alipotazama, macho ya Mtume yalikuwa yanatiririka machozi. Ikiwa yeye aliyeteremshiwa aliipata ladha masikioni kwa kisomo cha mwengine, itakuwaje sisi?

Lakini chagua wa kumsikiliza, na umjue unamtakia nini. Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri ndiye aliyerikodi Qur'ani nzima kwa tartili, kisomo cha utulivu, mwaka 1961, na hadi leo sijapata wa kumfundishia mtu mzima kuliko yeye: kila herufi inatoka mahali pake, hana haraka, hana pambo, na unaweza kumfuata kwa kidole mstari hadi mstari. Abdul Basit Abdus Samad, Mmisri mwenziwe (1927–1988), katika kisomo chake cha tajwidi ndefu ni habari nyingine kabisa. Pumzi moja inavuka aya baada ya aya, na aya moja anaweza kuirudia mara tatu, kila mara kwa mlango mwingine wa sauti. Huyu humfuati kwa kidole. Huyu unakaa. Anayetaka kusahihisha ulimi amchukue Husary. Aliyechoka na siku, moyo umemkauka, amsikilize Abdul Basit usiku taa zikishazimwa.

Kasoro ya kusikiliza ni mbili. Ya kwanza, Suratul A'raf aya ya 204 inatuamrisha Qur'ani isomwapo tuisikilize na tunyamaze. Simu inayosoma saa nne mfululizo huku tunaulizana nani kaoa na nani kaachwa haiingii hapo. Afadhali sura moja, watu wakanyamaza, vidole vikaendelea, kisha simu ikazimwa na maneno ya nyumbani yakarudi. Ya pili ni kwamba ladha ya sauti huja upesi na huondoka upesi. Umelia, umepangusa machozi, na kesho ukiulizwa aya ile ilisema nini huna jibu. Mama yule aliposema wenzake wanalia na yeye halii, nilitamani kumwambia kwamba baadhi yetu tunaolia tunalilia sauti. Machozi yale si mabaya. Ila asijipime kwayo.

Tarjuma, na ipi

Wengi wetu tulifundishwa herufi, maana hatukufundishwa. Ukitaka maana kwa Kiswahili, visiwa hivi vimebarikiwa kuliko sehemu nyingi. Tarjuma ya mwanzo kamili ya Kiswahili ilitoka mwaka 1923, kwa kalamu ya Godfrey Dale, mmishonari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyekuwa Unguja. Ina nafasi yake katika historia, lakini haikuandikwa ili Mwislamu aonje kitu, naiacha hapo. Mbili zinazofaa kuwekwa kwenye mizani ni za wana wa Unguja wawili.

Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa yake kamili mwaka 1969. Kiswahili chake ni cha barazani, cha mtu anayesema na watu waliomkalia mbele. Anapoona utakosea, anakutahadharisha chini ya ukurasa. Anapoona mfasiri aliyemtangulia amepotosha, anamjibu bila kumung'unya maneno. Ukiisoma unasikia ukali wa mwalimu, na ukali huo una huruma yake, maana hakuachi uondoke na shaka. Ni kitabu kinene, kinataka marufaa na muda wa kukaa.

Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyezaliwa mwaka 1919, waziri kabla ya Mapinduzi ya 1964 na mfungwa kwa miaka mingi baada yake, aliitoa yake mwaka 1995 akiwa mbali na kwao, akiitegemea tafsiri ya Kimisri ya Al-Muntakhab. Maelezo yake ni mapole na yanatiririka. Na alifanya jambo moja ambalo kwangu mimi peke yake latosha kuifanya tarjuma hii iwe ya kuanzia. Neno "Rabbi", ambalo tumezoea kulisema Mola tukaishia hapo, yeye aliliandika "Mola Mlezi".

Mlezi. Kila mwanamke katika darasa letu amelea, wake au wa nduguye. Anajua kulea ni nini: kuamka usiku, kupima maji ya kuoga kwa kiwiko, kumnyima mtoto anachokililia kwa kuwa unakijua kitamdhuru. Siku niliyowasomea Fatiha kwa neno hili, mmoja aliyekuwa akisuka ukili aliuweka chini mapajani. Fatiha anaisoma si chini ya mara 17 kwa siku, tangu utotoni, na "Rabbil 'alamin" ilikuwa inampita kama jina la mji asioujua.

Kwa hivyo ukiniuliza ipi, nasema hivi. Unayesoma peke yako bila mwalimu, na hasa kwenye simu, anza na ya Barwani. Unayeona aya fulani inakutia mashaka, au unataka kujua wanavyuoni wetu walibishana nini, mfungue Farsy. Ukiwa na zote mbili wakati mmoja, usizisome zote kwa aya zote; utachoka kabla ya kumaliza Baqara.

Ila tarjuma peke yake, bila Kiarabu kando, ina ukame wake. Chukua Suratur Rahman. Aya 78, na swali lile la neema ipi tunayoikanusha linarudi mara 31. Kwa Kiswahili, ukilisoma kimya, ufikapo mara ya 12 jicho limekwisha kuliruka. Kwa Kiarabu, kwa sauti, mara ya 12 bado unaingoja, kwa kuwa aya nyingi zinazotangulia zinaishia kwa "aan" na swali linajibu kwa "aan". Maana umeipata kwenye tarjuma, lakini kilichokuwa kinakugonga mlango ni mlio wake.

Sura moja kwa mwezi

Hapa ndipo nilipompeleka mama wa dagaa, na nitakaa hapa zaidi kwa sababu sioni njia iliyonipa mimi mwenyewe zaidi ya hii. Unachukua sura moja fupi. Mwezi mzima unaisoma hiyo: kwa mwalimu, kwa tarjuma, kwa Husary, katika sala zako. Huongezi. Anayeona ni kidogo akumbuke hadithi ya Abu Dharri kwamba Mtume alisimama usiku kucha na aya moja tu, ya 118 ya Suratul Maida, akiirudia hadi alfajiri.

Tuliichukua Dhuha. Aya 11, kila mmoja anaihifadhi tangu Juzuu Amma, ile ya mwisho yenye sura fupi, na kila mmoja hudhani anaijua.

Siku za mwanzo tulikaa na ulimi. Sisi Waswahili herufi ya dhadi tunaionea. Tunaitamka kama dhali, na jina la sura lenyewe ndimo ilimo. Mama yule alihangaika nayo. Nikamwonyesha pembeni mwa ulimi wake unapogusa magego ya juu, akajaribu, akacheka, akajaribu tena. Jambo hili kitabu hakifundishi, wala simu. Ndiyo maana njia hii, tofauti na zile tatu, inataka mwalimu mbele yako, na hiyo ndiyo gharama yake kubwa.

Kisha tukauliza iliteremka lini. Wahyi ulikuwa umesita. Mtume akaugua, hakusimama usiku mbili au tatu, akaja mwanamke wa makafiri akamwambia kwamba aliyekuwa akimjia amemwacha. Ndipo ikashuka: naapa kwa mchana unapopanda, na kwa usiku unapotanda, Mola wako Mlezi hakukuacha wala hakuchukia. Nilipoyasema haya mama yule aliinua uso. Sikuongeza neno. Alikuwa mwenyewe ameona kwamba sura hii ilimshukia mtu aliyekuwa katika kimya.

Sasa angalia aya ya 3 kwa karibu. "Ma wadda'aka Rabbuka wa ma qala." Katika "wadda'aka" mna "-ka", wewe: hakukuacha wewe. Katika "qala", hakuchukia, hiyo "-ka" haimo. Wafasiri wa kale waliliona hili. Wakasema imo sababu ya mizani ya mwisho wa aya, na wakasema imo pia adabu: neno la kuchukia halikuunganishwa na kipenzi, hata kwa kukanusha. Kuacha kumetajwa naye, maana kuachana hutokea hata kati ya wapendanao. Kuchukia, hapana. Na sisi tukitarjumu huona vyema kuikamilisha sentensi, tukasema "hakukuchukia", na kile kilichokuwa kitamu zaidi kikaanguka njiani bila mtu kujua. Hapa ndipo ninapowaambia watu: tarjuma ikulete mlangoni, lakini ingia na Kiarabu chake.

Sikiliza na miisho. Dhuhaa, sajaa, qalaa, ulaa, fatardhaa, fa-awaa, fahadaa, fa-aghnaa. Aya 8 zinaishia kwa mdomo ulio wazi, kama mtu anayebembelezwa. Ghafla aya ya 9: "fala taqhar." Ya 10: "fala tanhar." Mdomo unafungwa kwa herufi ya rei. Mabembelezo yamekwisha, sasa ni amri. Na amri zenyewe zinarudi nyuma kuzichukua neema. Aya ya 6 ilimkumbusha kwamba alikuwa yatima akapewa pa kukaa. Ya 9 inamwambia basi yatima usimwonee. Aya ya 8 ilimkumbusha ufukara wake. Ya 10 inamwambia mwenye kuomba usimkaripie. Mtu anaweza kuisoma sura hii miaka 40 kwa kasi ya chuoni asisikie mlango ule wa rei ukijifunga. Mimi mwenyewe niliusikia nimeshakuwa na watoto.

Kisha likatokea ambalo sikulipanga. Tulikuwa kwenye aya ya mwisho, "wa amma bini'mati Rabbika fahaddith", nikiwaeleza kuwa maana yake ni kuisimulia neema. Mama akasema: "Fahaddith. Si hadithi hii?" Ndiyo hiyo hiyo. Shina ni moja. Basi darasa likageuka mtego wa samaki, kila mmoja anatia mkono. Ni'mati: neema. Yatim: yatima. Akhira: akhera. Fatardha: radhi, ile radhi ya wazazi tunayoiomba. Hada: hidaya. As-sa'ila: ndugu ya swali na kusaili. Dhuha tunaisali. Na "wadda'aka", mmoja akakumbuka Hijja ya Wadaa, hija ya kuaga. Kumbe "hakukuacha" ni "hakukuaga". Hakukupa mkono wa buriani.

Sura ya aya 11, na maneno tisa tuliyokuwa tunayatumia sokoni, msibani na kitandani kwa watoto tangu tuzaliwe. Hili ndilo ninaloliona kubwa kwa msomaji wa Kiswahili, na ndilo linaloipa njia hii uzito mbele ya nyingine zote. Ukienda juzuu kwa siku, maneno haya yanakupita mbio huyatambui, kama jamaa yako aliyepita ndani ya gari. Ukisoma tarjuma tupu, yamekwisha kubadilishwa nguo. Ukisikiliza tu, yamezama katika sauti. Ukikaa mahali pamoja muda wa kutosha, yanakugeukia yenyewe na kukusalimu kwa jina.

Kasoro zake zipo, nazitaja kwa haki. Mwendo wake mdogo. Kwa sura fupi tu za Juzuu Amma utatumia miaka mitatu. Unahitaji mtu aliyesoma tajwidi na tafsiri, na wanawake wa vijiji vya mbali hawampati kwa urahisi. Na kuna hatari ya kuzipenda sura fupi za rehema ukazikimbia ndefu za hukumu. Mimi nimeitibu hiyo kwa kuiacha juzuu ya Ramadhani mahali pake.

Kuhifadhi sikukupa kichwa chake. Kwa watoto visiwani kumeshika vizuri, na kwa mtu mzima ninakuona ni tunda la kukaa na sura, kunakuja kwenyewe. Anayejilazimisha kuhifadhi ili aonje huishia kuogopa kusahau.

Basi wewe ni yupi? Kama kisomo chako kizuri na maana unazijua ila umepoa tu, badilisha msomaji unayemsikiliza, kisha urudi kwenye juzuu yako. Kama una ujuzi wa kusoma na hujawahi kujua maana hata ya Fatiha, usiongeze ukurasa mmoja kabla ya kuifungua tarjuma, na uanze na ile ya "Mola Mlezi". Kama una watoto wadogo na vidole vyenye makonyo, sikiliza, sura moja, kwa kunyamaza. Kama uko kama mama wa dagaa, umesoma sana na umekauka, punguza. Tafuta mwalimu, chukua sura fupi, mwezi mzima. Na kama ndiyo kwanza unajifunza alifu na bee ukiwa na miaka 50, wewe una malipo mawili kwa kila mstari na sina la kukushauri isipokuwa usione haya kusoma kwa sauti.

Mama hakulia mwezi ule, na sikumuuliza. Nilichokiona ni kwamba siku ya mwisho ya Dhuha, alipofika "fahaddith", hakufunga msahafu kama wenzake. Kidole chake kilirudi juu taratibu hadi kwa yatima, akaisoma tena kuanzia hapo, kwa dhadi yake na yote.

Sasa tumeingia Inshirah, aya 8. Aliniuliza kama na humo mna maneno ya kwetu. Nikamwambia sitamtajia, atege sikio aya ya 7. Juzi usiku, nimeshalala, simu ikalia. Hakutoa hata salamu.

"Faragha, mwanangu mwalimu! Fa idha faraghta. Ni faragha!"